Swafwan wa Ndau na Msimu wa Ugenini

Pale Ndau, ukimwuliza mtu yeyote habari za Swafwan wa Bi Mwanamkisi, atakwambia kwamba ni mrefu hata akiingia msikitini huinama, na kwamba ana hasira. Si hasira ya kupiga watu wala kutukana. Ni ya kunyamaza. Midomo humkauka, mshipa wa shingo ukasimama, akawa haoni wala hasikii. Alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akimwacha ateremke pwani, aingie baharini hadi kifuani, asimame humo mpaka imwishe.

"Mwacheni," alikuwa akiwaambia majirani. "Anapoa."

Alipokuwa mtu mzima, bahari haikumtosha tena.

Alimaliza sekondari, akabeba mawe ya ujenzi, akawa utingo wa boti, akafunga na kufungua injini za watu bila cheti. Baba yake alikuwa Kiunga na mke mwengine na watoto wengine, na hakuwa mtu wa kutegemewa. Swafwan alipoingia Chuo cha Ufundi cha Mlangoni, pale kisiwani Lamu upande wa Wiyoni, kusomea injini za boti, wenzake darasani walikuwa wadogo kwake, wakimwita Mzee. Na kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wote na alicheza mpira wa kikapu tangu sekondari, hata kura haikupigwa: akawa nahodha.

Kiwanja walikijenga wenyewe. Wanafunzi wa uashi walimwaga saruji, wa kuchomelea vyuma wakatengeneza ringi, na mchanga ukaletwa na punda, shogi baada ya shogi, ile mifuko ya pande mbili ya mgongoni, mpaka punda mmoja akagoma katikati ya uchochoro, ikabidi Bakr, rafiki yake Swafwan na mgawaji pasi wa timu, abebe shogi ile mgongoni huku watoto wakimzomea. Ringi moja ilitoka imeinama kidogo upande wa kibla. Wakasema ndiyo vizuri. Mgeni hataijua hila yake, mwenyeji ataijua. Mbao za nyuma ya ringi walizipaka rangi ya kijani. Siku rangi ilipokauka Swafwan alikaa chini ya kikapu, mgongo kwenye nguzo, akakitazama kiwanja kama mtu anavyotazama nyumba aliyoijenga. Mechi ya kwanza ya msimu ingekuwa ya nyumbani. Ligi ya Vyuo vya Bahari ilikuwa imeshatangaza.

Siku mbili kabla ya mechi, kocha aliwaita wote wakae kiwanjani. Kocha alikuwa Mwalimu Jeruto, mama wa Bonde la Ufa aliyekuja Lamu kufundisha hesabu kwa mwaka mmoja na hakuondoka tena. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mechi haichezwi hapa," alisema. "Imepelekwa Malindi."

"Kwa nini?" Swafwan aliuliza.

"Usalama, wamesema."

"Usalama wa nani?"

"Wageni. Wanaogopa kuja."

"Na sisi tunaolala hapa, tunaoamka hapa? Mama zetu wako hapa. Sisi hatuna usalama wa kuogopewa?"

Mwalimu Jeruto aliuzungusha mpira mikononi. "Captain, mimi nimewaambia hayo yote. Wamesema uamuzi umeshatolewa."

Swafwan aliinuka, akaenda zake. Wenzake walimtazama akiteremka kuelekea ufuoni, lakini maji yalikuwa yametoka, pamebaki tope tupu na mikoko. Akasimama pale juu ya tope muda mrefu, viatu vikizama, kisha akarudi na hasira yake kama alivyokwenda nayo.

Basi wakaenda Malindi kucheza nyumbani.

Waliondoka baada ya sala ya alfajiri, wakavuka kwa boti hadi Mokowe, wakasubiri msafara wa magari yanayosindikizwa na askari. Njiani walishushwa kwenye kila kizuizi, wakapanga foleni, wakaonyesha vitambulisho. Kitambulisho cha Swafwan kiliandikwa Ndau, na kila askari alikishika zaidi ya alivyovishika vya wengine, akimtazama yeye, akitazama picha, akimtazama tena.

"Ndau iko wapi?"

"Kenya," Swafwan alijibu.

Mwalimu Jeruto akamvuta mkono kabla askari hajaamua kama ile ni jeuri.

Walifika miguu imevimba. Kwenye ubao wa pointi mtu ameandika kwa chaki: MLANGONI, WENYEJI. Wenyeji! Hawakujua hata choo kiko wapi. Na watazamaji wote walikuwa wa upande wa pili, kwa kuwa wa kwao nani angesafiri siku nzima? Wakacheza na miguu ile ile, wakafungwa.

Hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda. Kila mechi ya ugenini ilikuwa ugenini, na kila ya nyumbani ilikuwa ugenini vilevile. Cha ajabu ni kwamba walianza kushinda. Bakr alikuwa na macho kisogoni, akitoa pasi mahali ambapo hajatazama, na Swafwan alikuwa akizipokea juu, juu kuliko mikono ya watu, akizitia. Mwalimu Jeruto aliwafundisha kukaba kwa miguu badala ya mikono, na vijana waliokulia kwenye mchanga na kwenye majahazi walikuwa na miguu isiyochoka. Kufika katikati ya msimu, vyuo vilivyokuwa vikiwacheka vilianza kuuliza Mlangoni ni wapi.

Lakini kuna mchana mmoja, tena Malindi, ambapo kundi la vijana nyuma ya kikapu lilianza kuimba, kana kwamba wao ndio wapiganaji wanaojificha huko bara: "Rudini msituni! Rudini msituni!" Kila Swafwan aliposhika mpira, wakaimba. Alipokwenda kwenye mstari wa mitupo huru, mmoja wao akapaza sauti, "Huyo mpekueni kwanza, ana bomu!" na watu wakacheka, hata watu wazima waliokaa vitini na soda zao.

Swafwan alishika mpira. Bakr akamwona shingo.

"Mzee," alimwambia taratibu. "Mzee, tupa kikapuni."

Aliutupa kwao. Aliutupa kwa nguvu zote, ukapiga ukuta juu ya vichwa vyao kwa kishindo, ukarudi mpaka katikati ya uwanja. Filimbi ikalia, faulo ya utovu wa nidhamu, nje. Hapakupigwa filimbi kwa ajili ya wale walioimba.

Baada ya mechi katibu wa ligi, bwana mwenye fulana ya kola na miwani ya jua kichwani, alimwita kando. "Kijana, ukirudia jambo kama lile, msimu wako umekwisha. Hasira hasara."

Methali hiyo Swafwan alikuwa ameisikia tangu hajaota meno. Akamjibu, "Hasara imeshaingia, bwana. Hasira ndiyo iliyochelewa."

Katibu hakuielewa, au alijifanya hakuielewa.

Siku za mwisho za msimu hesabu ikawa hivi: Mlangoni wakishinda mechi moja tu iliyobaki, wanaingia fainali za pwani nzima. Na mechi hiyo ilikuwa ya nyumbani, dhidi ya Chuo cha Mikoroshoni kutoka upande wa Kilifi. Mwalimu Jeruto alipanda basi peke yake, akaenda kwenye mkutano wa ligi, akakaa mlangoni mpaka wakamwita ndani.

"Mimi si mtu wa Lamu," aliwaambia. "Natoka mlimani. Sijui kuogelea mpaka leo. Nimeishi Wiyoni miaka, nanunua samaki asubuhi, narudi kwangu jioni, sijaguswa na mtu. Nani amewahi kuumizwa kwenye kile kiwanja? Mmoja tu, niambieni jina lake, nami nitanyamaza."

Hakuna aliyekuwa na jina. Hata hivyo wangekataa, kama si nahodha wa Mikoroshoni. Kijana huyo aliitwa Mahir. Alipigiwa simu pale pale mkutanoni aulizwe kama wenzake watakubali kwenda. Mahir akasema, "Sisi tunataka kuona Lamu. Tena wale jamaa wamekuja kwetu na kwengine kote, na hatujawahi kuwasikia wakilalama. Tutakwenda."

Habari zilipofika, Bakr alimrukia Swafwan mgongoni kama mtoto. Swafwan alicheka. Waliomjua vizuri walisema ndiyo mara yao ya kwanza msimu ule kuona meno yake. Akampigia mama yake.

"Mama, tunacheza hapa. Jumamosi. Njoo unione."

"Nikuone kwani sikujui?" Bi Mwanamkisi akasema. Lakini mwanamke yule alikwenda nyumba kwa nyumba Ndau nzima, na kabla ya Ijumaa alikuwa amejaza boti. Abdulqadir, mwenye boti, alitoa sharti moja: warudi siku ile ile na maji ya alasiri, kwa sababu Jumapili alfajiri boti ilikuwa imeshachukuliwa kupeleka watu wa harusi Kizingitini. Na kila atokaye visiwa vya kaskazini anajua ile ndia ya Mkanda, njia nyembamba ya boti katikati ya mikoko: maji yakiwa yamejaa unapita ukiimba, yakitoka unakaa juu ya tope na koko mpaka yarudi.

Mechi ilipangwa saa nane mchana. Ingekwisha kabla ya alasiri kukolea, watu wa Ndau wakapanda boti yao na maji bado yamo. Kila kitu kilikuwa sawa.

Kisha mkuu wa chuo, Bwana Jeilani, akapata fikra.

Bwana Jeilani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwana wa nyumba za mjini, mpole, kanzu yake daima imepigwa pasi, na alipenda chuo chake kionekane. Aliona kwamba mechi ya kwanza ya ligi katika ardhi ya Lamu haiwezi kupita bila mgeni wa heshima. Akamwalika mheshimiwa mmoja mwenye cheo kikubwa. Mheshimiwa akakubali. Hema likafungwa, viti vya vitambaa vikapangwa, spika zikaletwa.

Saa nane ilipofika, kiwanja kilikuwa kimejaa. Watu walikaa juu ya kuta, juu ya matofali, juu ya madari ya nyumba za jirani. Watu wa Ndau walikaa pamoja mbele, wanawake na mabuibui yao, wazee na bakora, na Bi Mwanamkisi katikati yao na kikapu cha mikate ya mofa aliyokuja nayo kwa ajili ya timu. Mikoroshoni walikuwa wamepokewa tangu jana yake, wamelala, wamekula wali na samaki wa kupaka mpaka kocha wao akawakataza kuongeza. Timu zikapasha miili joto. Swafwan aliruka, akatia mpira kwa mkono mmoja, na watu wa Ndau wakapiga vigelegele.

Mheshimiwa hakuwepo.

"Tuanze," Mwalimu Jeruto alisema.

"Yuko njiani," Bwana Jeilani alijibu. "Subirini kidogo, mwalimu. Tutamtia aibu."

Saa tisa, yuko njiani. Ikaadhiniwa alasiri, watu wakaenda kuswali wakarudi, naye yuko njiani. Jua lilikuwa limeshashuka pembeni alipofika, na kundi la watu, na kamera, akipungia mkono. Akaketi. Kisha zikaanza hotuba. Akasema diwani. Akasema bwana mmoja aliyejulikana na diwani tu. Akasema Bwana Jeilani, kwa ufupi, jasho likimtoka, kwa kuwa alikuwa ameshaziona nyuso za watu. Kisha mheshimiwa akashika maikrofoni, akaanza na historia ya michezo, akaingia barabara, akatoka barabara akaingia bandari.

Abdulqadir alikuwa wa kwanza kusimama. Alitazama upande wa bahari, akamwinamia mzee aliyekuwa karibu naye, akanong'ona. Mmoja mmoja watu wa Ndau wakaanza kuinuka, wakikung'uta nguo.

"Kaeni, kaeni, watu wangu!" mheshimiwa alisema kwenye maikrofoni, akicheka. "Mbona mwaniondokea? Sijafika Ndau bado, nakuja huko kwenu!"

Bi Mwanamkisi aligeuka. Hakupaza sauti, hakuhitaji, kwa kuwa kiwanja kizima kilikuwa kimenyamaza.

"Mwanangu," alisema, "ukifika Ndau tutakukuta. Mai yanatoka, nayo hayana subira na mtu. Ungesema kwa ufupi, sote tungeona mtezo."

Watu waliangua kicheko, kuta na madari. Mheshimiwa naye akacheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Bi Mwanamkisi akamkabidhi Bakr kikapu cha mikate, akamtazama mwanawe aliyekuwa upande wa pili wa kiwanja, akainua mkono. Kisha akaondoka na wenzake kwa mstari, kuelekea gatini, huku hotuba ikiendelea nyuma yao.

Swafwan aliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Hakuwa amecheka. Ndani ya masikio yake palikuwa na ngurumo, kama injini iliyofunguliwa mafuta yote bila kutiwa gia. Msimu mzima ulimpanda: askari na kitambulisho, chaki ya WENYEJI, wale vijana na wimbo wao, wazee wa soda wakicheka. Na sasa hapa, juu ya saruji yake mwenyewe.

Hotuba ilikwisha. Mtangazaji akaita: nahodha wa Mlangoni amkabidhi mgeni wa heshima mpira, naye aurushe ili mechi ianze. Swafwan alikwenda, mpira kwapani. Mheshimiwa akanyoosha mikono, kamera zikasogea.

"Sikupi," Swafwan alisema.

Mheshimiwa alidhani hakusikia vizuri. "Eti?"

Swafwan alichukua maikrofoni mezani. "Mpira huu sikupi. Msimu mzima tumeambiwa kwetu hapafai. Tumecheza kwa watu, tumetukanwa kwa watu, tukakaa kimya. Leo watu wamekuja, hawakuogopa. Mama yangu ametoka Ndau alfajiri. Ameona nini? Amekuona wewe! Wale walitunyima mechi yetu wakiwa mbali. Wewe umetunyima ukiwa umekalishwa kitini, umeletewa maji ya baridi."

Bwana Jeilani aliinuka, akakaa, akainuka tena. Katibu wa ligi alikuja mbio kutoka hemani. "Huyu nje! Nilimwonya! Refa, mtoe!"

Refa alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Lubna, aliyekuja na Mikoroshoni kwenye basi moja. Alikuwa amekaa juu ya kipande cha tofali tangu saa nane, filimbi shingoni. Akasema bila kuinuka, "Nimtoe wapi? Mechi haijaanza. Filimbi yangu inashughulika na yanayotokea baada ya kulia, siyo kabla."

"Lakini amemvunjia heshima mgeni!"

"Hilo mtalimaliza wenyewe. Mimi nina mechi ya kuchezesha na jua linakwenda." Akauchukua mpira mkononi mwa Swafwan, akaenda nao katikati. Mahir wa Mikoroshoni alikuwa ameshasimama pale, akingoja. Alimwambia Swafwan, "Ruka, kaka. Tumekuja kwa hili."

Wakacheza. Enyi watu, walicheza! Mikoroshoni hawakuwahurumia, na Swafwan hakutaka huruma. Aliruka na hasira yake yote, lakini kwa mara ya kwanza hasira ilikwenda mahali ilipotumwa. Bakr alimtupia mipira juu na yeye akaitoa mawinguni. Ile ringi iliyoinama iliwakatalia wageni mara mbili tatu, na watu wa Wiyoni wakacheka mpaka wakashikana. Robo ya pili ilipokwisha Mlangoni walikuwa mbele. Ya tatu ilipokaribia kwisha, bado walikuwa mbele, na kiwanja kilikuwa kimeshaingia rangi ya kijivu, na mpira ukawa hauonekani vizuri ukitoka mikononi.

Adhana ya magharibi ikatoka msikitini. Taa hakuna. Refa Lubna akapuliza filimbi, akaushika mpira.

"Haionekani," alisema. "Siwezi." Sauti yake ilikuwa na uchungu kweli.

Katibu wa ligi alitoa uamuzi kabla hata ya watu kutoka msikitini: mechi haikukamilika. Itarudiwa yote, kuanzia sifuri. Malindi.

Jumatatu Swafwan aliitwa ofisini. Bwana Jeilani alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akazungumza naye kwa upole kiasi kwamba ingekuwa afadhali apige meza.

"Bwana Swafwan, mimi nakufahamu. Najua umeumia. Lakini yule ni mtu mkubwa, na chuo hiki kina haja zake. Nenda kamtake radhi. Maneno mawili tu, nami nitakupeleka mwenyewe. Mambo yakapita."

"Yeye amemtaka radhi nani?"

"Si sawasawa hayo."

"Watu wa Ndau amewataka radhi? Mikoroshoni? Wewe mwenyewe, bwana mkuu, uliyesimama juani ukimngoja?"

Bwana Jeilani alikoroga chai yake, ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. "Usipokwenda, sitaweza kukuacha kwenye timu. Sina ndia nyengine."

"Basi niondoe."

Akamwondoa. Timu ikasafiri kwenda Malindi bila nahodha, Bakr akipewa unahodha kwa lazima, na Swafwan akapanda boti ya kwanza kwenda Ndau, akakaa kwenye omo, mbele kabisa, bila kuzungumza na mtu.

Alitarajia mama yake atamkumbatia. Moyoni alikuwa amebeba jambo lile kama zawadi: nimesema kwa ajili yako, Mama, nimesema mbele ya watu wote. Alimkuta jikoni anapara samaki. Bi Mwanamkisi hakuacha kazi yake.

"Nimesikia ulilofanya," alisema.

"Mama, yule bwana—"

"Ngoja. Mimi nilimjibu au sikumjibu?"

"Ulimjibu."

"Watu walisikia au hawakusikia?"

"Walisikia."

"Basi ya kwako ilikuwa ya nini?" Alikiweka kisu chini, akamwelekea. Macho yake yalikuwa makali, na Swafwan aliona mshipa kwenye shingo ya mama yake, mshipa ule ule, hakuwahi kuuona kabla ya siku ile. "Nilisema langu nikaondoka na heshima yangu, watu wakicheka pamoja nami. Wewe ukashika chuma kile cha kusemea ukanigeuza kikongwe aliyeonewa. Leo nikienda kisimani wananiambia, pole Bi Mwanamkisi, pole. Pole ya nini? Mimi nina kinywa, Swafwan! Ukiwa na hasira zako, sema ni zako. Usinivishe mimi."

Swafwan alisimama pale mlangoni, mrefu, ameinama. Kila alilotaka kusema lilikuwa limeondolewa chini ya miguu yake. Kwa kweli, alipokuwa ameshika maikrofoni ile, mama alikuwa ameshaondoka na shari yake imekwisha. Kilichobaki kilikuwa chake.

"Ni zangu," alisema mwishowe.

"Naam." Akaokota kisu chake. "Hizo zako sina neno nazo. Una haki nazo, hata mimi ningekasirika. Tia maji sufuriani."

Jumamosi iliyofuata alikuwa ufuoni anafungua injini ya Abdulqadir, iliyoharibika wakirudi kutoka harusini, simu yake ilipolia. Alikuwa Bakr.

"Wametufunga, Mzee. Kwa kikapu kimoja. Wale vijana wa Malindi waliimba ule wimbo wao tena, na Mahir akaenda kuwanyamazisha. Mahir! Mpinzani wetu! Sisi tulikuwa tumechoka, Mzee. Msafara ulichelewa, tumeshuka garini tukaingia uwanjani."

"Mwalimu je?"

"Amekaa ndani ya gari. Hataki kuzungumza na katibu, anasema akizungumza naye atafungwa jela."

Swafwan alikata simu. Spana ilikuwa mkononi. Bahari ilikuwa imejaa pale mbele yake, ya kuingia hadi kifuani. Aliitazama. Kisha akainama, akaendelea kufungua nati zilizoshika kutu, moja baada ya nyengine, kwa nguvu mno, akilaani kila moja kwa jina la mtu.

Alirudi chuoni akafanya mitihani, akafaulu. Leo ana banda lake la kutengeneza injini pale Wiyoni, na jioni humsaidia Mwalimu Jeruto kufundisha timu, ingawa Bwana Jeilani hajawahi kumpa cheo wala yeye hajawahi kukiomba. Mikoroshoni waliporudi kwao walisimulia waliyoyaona Lamu, wala hawakunyamaza, mpaka vyuo vingine vikaona haya. Siku hizi ligi huwapa Mlangoni mechi mbili za nyumbani kwa msimu.

Wageni wa heshima bado hualikwa. Mwaka jana alichelewa mmoja, na ilipofika saa nane Swafwan alimwangalia refa, refa akamwangalia yeye, mpira ukarushwa. Bwana yule alifika robo ya tatu, akakuta viti vya hema vimekaliwa na wanafunzi, akatafuta pa kukaa kwenye matofali. Watu walidhani Swafwan atafurahi. Bakr alimpiga bega, akamwambia, "Umeona, Mzee? Tena mbili kwa msimu!"

Swafwan hakuondoa macho uwanjani. Kijana wake mmoja alikuwa anakaba kwa mikono.

"Wenzetu wanacheza ngapi kwao?" aliuliza.

Bakr akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Basi usiniambie mbili," Swafwan alisema, na kwa sauti iliyofika mpaka kwenye matofali akamwita yule kijana: "Miguu! Kaba kwa miguu!"